Sasa Unaweza Kuzima Kompyuta

Fausta alimwona baba yake mkubwa kabla hajavuka barabara, akajua siku yake imeharibika.

Si kwamba hakumpenda. Mzee Gelasius ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, ndiye aliyemsomesha mpaka akamaliza chuo cha kompyuta Dar es Salaam, na hajawahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja. Lakini mwalimu mstaafu akitoka Kibaoni mpaka Mpanda mjini bila kupiga simu, tena akiwa amekumbatia kitu kifuani kama mtu aliyebeba kuku, ujue ana jambo. Na jambo la Mzee Gelasius halijawahi kuwa dogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona una wateja."

"Wapo. Karibu ukae, nikiwamaliza nakusikiliza."

"Nitasubiri," alisema mzee, na hapohapo akaweka mzigo wake juu ya kaunta ya steshenari, juu ya kadi za harusi ambazo wino wake haujakauka, akaanza kuufungua. Ndani ya kitenge kulikuwa na taulo. Ndani ya taulo kulikuwa na kipande cha chuma kizito, bapa, chenye vumbi na waya uliokatika.

"Unajua hii ni nini?"

"Ni diski ya kompyuta, baba. Umeitoa wapi?"

"Ni moyo wa kompyuta yangu. Ile aliyoniachia Sista Aurélie. Yenyewe ilikufa masika yale bati lilipovuja. Nikaifungua kwa bisibisi, nikautoa moyo, nikauhifadhi kwenye kabati. Sasa nataka uniwashie."

"Niuwashe moyo?"

"Nina wimbo humo."

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kutoa kopi za vyeti walinyamaza kusikiliza. Mzee Gelasius hakuwa mtu wa kusema kwa sauti ndogo. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na kwaya ya parokia kwa muda huohuo, na kwake kila chumba kilikuwa darasa.

Mambo yalikuwa hivi. Shemasi Simon, mtoto wa Kibaoni, alikuwa anapewa upadri mwezi ujao, na sherehe itafanyika nyumbani. Kwaya ilipomuuliza anataka wimbo gani baada ya komunyo, hakufikiri mara mbili. Alitaka "Nimeitika", wimbo ambao mama yake, marehemu Cecilia, alikuwa anauongoza wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Mzee Gelasius ndiye aliyeutunga. Sauti ya kwanza kila mtu aliikumbuka, maana ndiyo watu waliyokuwa wakiimba wakipalilia mpunga. Lakini sauti nyingine zilikuwa zimepotea. Waimbaji wa besi wa enzi zile wengine wamekufa, wengine wamehamia mbali, karatasi zilizokuwa kwenye sanduku la kwaya zililiwa na mchwa, na mtunzi mwenyewe alipojaribu kukumbuka besi yake alijikuta anaimba besi ya wimbo mwingine.

"Lakini wote uko humo," alisema akigonga ile diski kwa kidole. "Niliuandika kwa kompyuta, nota kwa nota. Sista alinifundisha."

"Usiigonge, baba."

"Aa, ni chuma hii."

*

Diski ilikuwa nzima, na hilo peke yake lilikuwa la kushangaza. Fausta aliiunganisha na laptop yake kwa waya wa kusomea diski za zamani, akanakili kila kilichokuwemo. Nyimbo zilikuwepo, folda nzima. Aliubofya "Nimeitika". Laptop ikamjibu kwamba haitambui faili la namna hiyo. Akajaribu programu moja ya muziki, akajaribu nyingine, akapakua ya tatu na kumaliza bando. Zote zilikataa. Programu aliyotumia mzee ilikuwa imekufa siku nyingi, na haikumwachia mtu mwingine namna ya kusoma kazi zake. Nayo ilipowekwa kwenye laptop mpya, ilikataa hata kufunguka.

Wakati wote huo Mzee Gelasius alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, mikono juu ya magoti, akiuliza.

"Bado?"

"Bado, baba."

"Mimi nilikuwa nabofya mara mbili tu, unafunguka."

"Najua."

"Labda hubofyi haraka."

Fausta alishusha pumzi. Alikumbuka kitu alichowahi kukiona kwa rafiki yake wa chuo, kitu walichokichezea siku moja wakacheka na kusahau. Alifungua brauza, akatafuta, akaupata ule ukurasa.

"Baba, sogea uone. Kuna watu wametengeneza kompyuta nzima ya kuigiza, inayowaka ndani ya brauza. Unafungua ukurasa wa mtandao kama unavyofungua gazeti, na humo ndani inawaka kompyuta ya zamani, kamili, na kila kitu chake. Mimi naipa nakala ya diski yako kama ilivyo, ile kompyuta ya ndani inaamka nayo. Haisakinishi kitu chochote kwenye hii ya nje."

Mzee aliliangalia lile dirisha jeusi katikati ya ukurasa. Maandishi meupe yalianza kupanda, yakasimama, yakapanda tena.

"Na hiyo ya ndani, inajua kwamba iko ndani?"

"Haijui. Inadhani iko mezani kwako Kibaoni, miaka ileile."

"Maskini," alisema Mzee Gelasius, na alimaanisha.

Iliamka polepole kama mtu aliyetoka homa. Kwanza giza, halafu mawingu, halafu giza tena, halafu, baada ya Fausta kuhudumia watu wa kopi na kurudi, ikatokea picha ya kanisa la Kibaoni ikiwa imetapakaa kioo kizima, na upande wa kushoto vialama vya programu vimepangwa kimoja chini ya kingine. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Hata ile karata niliyokuwa nacheza ipo."

Kabla Fausta hajasema kitu, kisanduku kikajitokeza: kompyuta imeona kifaa kipya, iwekewe sidii ya kifaa hicho. Akakataa. Kikatokea kingine, cha kifaa kingine. Akakataa. Ilikuwa kama mgeni aliyelala usingizi mrefu, akaamka kwenye nyumba ya watu, anauliza kila kiti kimetoka wapi. Akakataa, akakataa, akakataa, na alipofika mwisho, ile kompyuta ikasema lazima ijizime na kuwaka upya.

"Mwiteni Yesu," alisema Fausta.

"Ipe muda," alisema mzee. "Hata kwangu ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nawasha, naenda kunywa chai."

Jioni ilipokaribia, "Nimeitika" ulifunguka. Sauti nne zilipangwa kwenye mistari yake, na nota zilikuwa ndogo na safi. Mzee Gelasius aliuagiza mwenyewe upigwe. Sauti ilitoka kwenye spika inakwaruza, inachelewa, kama kinanda kilichozama ziwani kikaopolewa, lakini wimbo ulikuwemo, na besi ilikuwemo. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua bahasha alisimama mlangoni mpaka ukaisha.

Fausta aliona kazi imekwisha. "Sawa. Sasa napiga picha ya kila ukurasa kama unavyoonekana kwenye kioo, naprinti, unarudi na karatasi zako."

"Subiri."

"Nini tena, baba?"

"Kuna kosa hapa." Kidole cha mzee kilikuwa juu ya kioo, pale kiitikio kinapoanza kushuka. "Ona. Kuna pigo moja la ziada. Mapigo hayatoshani. Besi imesimama pale bila sababu. Nilikuwa bado najifunza. Siwezi kumpa padri mpya wimbo wenye kosa mbele ya askofu."

"Baba, watu wameuimba hivyo miaka yote."

"Ndiyo maana."

*

Siku zilizofuata zilimmaliza Fausta. Mzee alifikia kwake, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika dukani, akikalia kompyuta moja kati ya mbili za wateja. Kurekebisha pigo moja kulimfanya arekebishe lililofuata. Kurekebisha besi kukaifanya sauti ya tatu ionekane mbaya. Kila alipoingiza mshale wa mausi kwenye lile dirisha, mshale ulizama mle ndani na kukataa kutoka, naye alipaza sauti, "Fausta! Mausi imekufa!" Fausta aliacha mteja, akaja, akabonyeza kitufe kimoja pembeni ya kibodi, mshale ukatoka.

"Ni hicho tu, baba. Kitufe hiki. Kinautoa nje."

"Sawa, nimeelewa."

Baada ya muda mfupi: "Fausta! Imekufa tena!"

Siku moja alifunga ukurasa mzima kwa bahati mbaya akitaka kufunga karata. Siku nyingine mteja aliyetaka kujaza maombi ya chuo alimwambia "Mzee, naomba kidogo", akahamia yeye kwenye kiti, akaondoa ukurasa usio wake. Kila mara kazi ya mzee ilipotea, kwa sababu ile kompyuta ya kuigiza haikuandika chochote kwenye nakala ya diski. Ukitaka ikumbuke, ilikubidi uihifadhi jinsi ilivyo kwa kitufe kilichokuwa nje ya dirisha lake, ipate kuendelea siku nyingine palepale ilipoachia. Fausta alimweleza. Akamweleza tena. Alimweleza kwa mfano wa chungu na jiko, akamweleza kwa mfano wa mtu anayeota.

"Mimi nimehifadhi," alisema mzee. "Nimebofya kile kidisketi."

"Hicho ni cha ndani, baba. Ndani ya ndoto. Mtu akiota ameweka hela mfukoni, akiamka anazo?"

"Sasa kwa nini wameweka kitufe kisichofanya kazi?"

Fausta alienda nyuma ya duka, akasimama kati ya ukuta na pipa la taka, akampigia simu mama yake mkubwa, Josefina, kule Kibaoni.

"Mama, shikamoo. Mchukueni mzee wenu."

Josefina alicheka mpaka akakohoa. "Amekuchosha wewe? Mimi nina miaka mingapi naye?" Halafu akasema, "Mlete huku. Kompyuta ya ofisi ya parokia ipo, paroko ni mwelewa."

Paroko alikuwa mwelewa kwa sharti moja: pasisakinishwe kitu chochote kwenye ile kompyuta. Mtu mmoja alishawahi kuisakinishia mchezo, ikaugua virusi vibaya. Kwa sharti hilo, ule ujinga wa kompyuta ndani ya brauza ukawa ndiyo njia pekee. Fausta aliweka nakala ya diski kwenye flashi, akafunga duka Ijumaa mchana, wakapanda basi na mzee, wakapita mbugani huku wanaua mbung'o kwa magazeti, na njia nzima Mzee Gelasius alimweleza kasoro za besi.

*

Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, Fausta alimkalisha mzee kwenye ofisi ya parokia. Aliiwasha ile ya nje, akafungua brauza, akaiwasha ile ya ndani, akakataa vifaa vipya vyote, akaufungua wimbo. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa USIFUNGE, akaibandika kwa selotepu juu ya kioo.

"Baba, nisikilize. Fanya kazi yako. Ukimaliza, usifunge kitu. Usizime kitu. Uniite tu, nije nihifadhi kwa nje. Umenielewa?"

"Mimi si mtoto, Fausta."

"Najua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli alifanya kazi. Fausta alichungulia mara kadhaa mchana ule, akamkuta ameinama, mdomo unahesabu, vidole vinagonga meza. Mausi haikufa. Alipiga wimbo, akafuta, akapiga tena. Besi ile ilikuwa inabadilika kuwa kitu kingine kabisa, inapanda na kushuka, inasukuma sauti nyingine, na hata Fausta, ambaye kwaya aliiacha shuleni, alisikia kwamba ni nzuri. Alijiona amekuwa mkali bure. Jua lilipoanza kulainika, Josefina alimwita ale. Alipika wali na dagaa wa Karema waliokaangwa na nyanya, na Fausta, kwa mara ya kwanza wiki ile, alikula bila mtu kumwita akatoe mausi.

Bado alikuwa ananawa mikono alipomwona mzee anakuja, anatembea taratibu, mikono nyuma, uso umetulia.

"Nimemaliza," alisema. "Safi kabisa. Hakuna hata pigo moja limezidi."

"Hongera, baba. Ngoja nikimbie nikahifadhi."

"Tulia. Nimeshazima."

Maji yalikuwa bado yanamtiririka vidoleni. "Umezima nini?"

"Kompyuta. Nimefunga kila kitu kwa utaratibu, kama Sista alivyonifundisha. Nikabofya zima. Ikafikiri kidogo, halafu ikaandika kwa maandishi ya rangi ya machungwa, kwa Kiingereza, kwamba sasa ni salama, unaweza kuzima kompyuta. Nikazima pale ukutani."

"Ukutani."

"Kwenye swichi."

Fausta alikaa chini, pale pale kwenye benchi lililolowa.

"Ilikuwa imesema ni salama," alisema mzee.

"Ile ya ndani, baba! Ya ndani ndiyo imesema! Ile ya ndani inajizungumzia yenyewe! Haijui kama kuna ya nje, nimekwambia, haijui chochote, ni mashine inayoota, na wewe umetoka kwenye ndoto ukaenda kuzima nyumba! Nimekuandikia usifunge! Kwa herufi kubwa! Nimeacha duka langu, nimeacha wateja, wiki nzima nakutolea mausi kama mtu anayetoa kuku kisimani, kitu kimoja tu nimekuomba, kimoja, uniite! Hivi wewe ulikuwa unafundishaje watoto, kama mwenyewe hufundishiki?"

Kuku waliokuwa karibu walikimbia. Jirani aliyekuwa anapepeta mchele upande wa pili wa ua aliacha kupepeta. Josefina alikuwa amesimama na sufuria mkononi.

Mzee Gelasius aliitazama sahani yake iliyofunikwa, hakuifunua. Aligeuka, akaondoka kuelekea shambani.

"Fausta," alisema Josefina.

"Najua, mama."

"Yule ni baba yako."

"Najua. Nimekosa. Lakini mama, kwa kweli!"

"Kwa kweli," alikubali Josefina, akaketi karibu yake, sufuria bado mkononi.

*

Jumapili, misa ilipokwisha, Fausta alimkuta mzee tayari yuko ofisini, amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Alimpigia magoti, akamwomba radhi. Mzee alimshika kichwa. "Imekwisha," alisema. "Hata mimi nisingejivumilia. Washa."

Aliwasha. Diski yenyewe haikuwa imepoteza kitu. "Nimeitika" ulikuwepo kama ulivyokuwa tangu zamani, na pigo lake la ziada. Kilichopotea ni kazi ya jana. Mzee aliweka vidole juu ya kibodi na kuvitazama.

"Ilikuwa inapanda," alisema. "Halafu... hapana. Hapa ilikuwa inasubiri tena." Aliingiza nota, akaifuta. Aliingiza nyingine. "Siikumbuki, Fausta. Ilikuwa nzuri, na siikumbuki."

"Tuupige kwanza ulivyo, baba. Labda itakuja."

Akaupiga. Josefina alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maandazi aliowaletea. Kinanda kile cha ziwani kilipoanza kukwaruza, alianza kuimba kwa sauti ndogo, bila kufikiri, sauti ya pili, ile aliyokuwa akiiimba ujanani na aliyodhani ameshaisahau. Aliingia ndani anaimba. Walipofika pale kiitikio kinaposhuka, pale kwenye lile pigo, alinyamaza kidogo, akavuta pumzi kwa nguvu, puani, mpaka mabega yakapanda, ndipo akaendelea.

Mzee Gelasius alisimamisha wimbo. "Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo. Umevuta pumzi."

"Si ndivyo tulivyokuwa tunaimba? Wote tulikuwa tunavuta. Tulikuwa tunamsubiri Cecilia."

"Kumsubiri Cecilia kwa nini?"

Josefina alimtazama mumewe kama mtu anayetazama mlango aliouacha wazi akaukuta umefungwa. "Gelasius. Cecilia alikuwa na pumu. Pale alikuwa hafiki bila kupumua, na akipumua tunamwacha, anaaibika. Si wewe ulikuja siku moja na karatasi mpya, ukasema kuanzia leo wote tunapumua hapa? Alilia siku ile. Umesahau?"

Mzee aliangalia zile nota. Alizitazama muda mrefu, na Fausta, aliyekuwa amezoea kumwona anatafuta kosa, aliona kwamba safari hii hatafuti kitu.

"Nimesahau," alisema. "Mimi nilidhani nilikosea kuhesabu."

Nje, watoto wa kipaimara walikuwa wanapiga kelele wakitoka mafundisho. Josefina aliweka ungo juu ya meza ya paroko.

"Basi iacheni pumzi yake," alisema.

"Iache," alisema mzee. Halafu akainuka kidogo kwenye kiti na kusogeza mausi. "Ila hapa chini, kwenye ubeti wa tatu, naweza tu kurekebisha..."

"Hapana!" alisema Fausta, na mkono wake ulishafika kwenye kibodi. Alipiga picha ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, akaziweka kwenye flashi, akaichomoa, akaiweka mfukoni. "Sasa rekebisha, baba. Rekebisha mpaka uchoke."

*

Siku ya upadrisho Kibaoni ilijaa. Waliotoka Karema walilala parokiani, waliotoka Mpanda walikuja na malori. Kwaya ilivaa vitenge vipya vya rangi ya zambarau, na Mzee Gelasius, aliyekabidhi kwaya kwa vijana zamani, aliruhusiwa kuongoza wimbo mmoja.

Fausta alikuwa amebanwa kwenye benchi la nyuma, kati ya shangazi mmoja mnene na nguzo. Kwa muda wa mwezi mzima mzee alikuwa amempigia simu karibu kila siku: besi hawashiki, sauti ya tatu wanawahi, kijana aitwaye Deo anaimba kama anauza samaki. Wanakwaya vijana walikataa lile pigo. Walisema linachosha, wimbo unakatika. Mzee aliwaeleza habari za Cecilia, na tangu hapo hawakuuliza tena.

Komunyo ilipokwisha, waliimba. Kiitikio kilipoanza kushuka, kwaya nzima ilinyamaza na kuvuta pumzi, na kanisani ilisikika, pumzi moja kubwa ya watu wengi. Padri Simon alikuwa ameketi karibu na altare, macho chini. Aliinua kichwa. Kiitikio kiliporudi, na pumzi ile ikarudi, alikuwa ameshaifunika sura kwa mikono yake yote miwili, na askofu akamwekea mkono begani.

Fausta hakulia. Shangazi mnene ndiye aliyelia, tena kwenye bega la Fausta, akajifuta kwa kitenge ambacho Fausta alikuwa amekiazima.

Baadaye, watu walipokuwa wanapanga foleni kupokea baraka za padri mpya uwanjani, yeye hakuonekana. Walimtafuta sakristia, walimtafuta jikoni. Josefina ndiye aliyemvuta Fausta mkono. "Yuko ofisini na mzee wako. Nenda, watu wanaungua jua."

Aliwakuta wameketi bega kwa bega mbele ya kompyuta ya parokia, Padri Simon na kanzu yake nyeupe mpya, Mzee Gelasius na tai iliyolegea. Kwenye kioo, kompyuta ya ndani ilikuwa inauliza habari za kifaa kipya.

"Kataa," alisema mzee. "Kataa tena. Hiyo nayo kataa."

"Padri anataka kusikia sauti ya kwanza peke yake," mzee alimweleza Fausta bila kugeuka. "Ile ya mama yake. Nimemwambia zile nyingine tunaweza kuzinyamazisha."

"Baba, watu wanasubiri baraka."

"Wasubiri kidogo."

Ile ya ndani ilisema lazima ijizime na kuwaka upya. Fausta alifumba macho. Alivuta kiti cha tatu, akakaa nyuma yao, akaangalia giza, halafu mawingu, halafu giza. Padri Simon alikuwa ameweka mikono juu ya magoti kama mwanafunzi.

"Inachukua muda gani?" aliuliza.

"Inategemea," alisema Fausta. "Usiguse mausi, Padri."